Rivyu: Fundi wa TV huku Kibuye, Kisumu, kazi safi, anachelewesha vibaya, halafu unapewa ulimwengu wote bure

Kama unataka tu kujua huyu fundi anafaa ama hafai, jibu ni anafaa, nyota nne kati ya tano, peleka TV yako na usisome zaidi. Wenye mko na taimu kaeni, kwa sababu hii stori ya TV ya mamangu iliingia mahali sikutarajia, na mimi nilikuwa nimeenda tu kutengenezewa picha.

Mamangu anaishi Ahero na ako na ile TV ya kitambo ya kioo, inchi 14, yenye kisogo kikubwa, ilinunuliwa na marehemu mzee wetu na hataki kusikia ya flati. Nimejaribu kumwambia nimletee ile nyembamba ya kubandika ukutani, akaniambia hiyo mwizi anaibeba kwapani kama gazeti. Na haki sikuwa na jibu. Sasa hiyo TV ikaanza kukunja picha, leo imepungua juu, kesho imepungua chini, mpaka ikabaki laini moja nyeupe imelala katikati ya kioo, sauti iko sawa tu. Mama alikaa wiki mbili akiangalia laini na kusikiliza habari za saa moja bila kuniambia, ati si sauti inatoka.

Fundi wa kwanza simtaji. Aliitazama kwa mbali akasema tyubu imekufa, nunua ingine, halafu akataka mia tano ya kuangalia. Hakufungua hata skrubu moja. Alikuwa na uhakika kama mtu amezaliwa ndani ya hiyo TV.

Huyu wa Kibuye nilielekezwa na jirani. Ni kibanda cha mabati, benchi moja yenye mguu umelegea (kaa upande wa ukuta, nimekuonya), TV zimepangwa mpaka darini, na ile harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Akafungua mgongo wa TV, akapuliza vumbi, akaguza guza na mita, akasema: "Tyubu iko hai. Ukiona laini namna hii ni sehemu ya kuvuta picha juu na chini imelala. Inaweza kuwa ai-si, kile kipuri cheusi cha miguu mingi, inaweza kuwa kapasita, kile cha kuhifadhi stima kidogo, hapo bado sijui. Niachie, uje kesho saa sita."

Nilipenda hiyo "sijui". Sikupenda hiyo "kesho", kwa sababu kesho yake ilichukua wiki tatu. Nilienda mara nne. Hapo ndipo nyota moja imepotelea, na singeandika rivyu ya uongo, kama uko na haraka huyu fundi atakuua na presha.

Lakini sasa hizo mara nne nilizokaa kwa benchi.

Mara ya kwanza alikuwa anajaribu TV ya mtu mwingine, haina king'amuzi, na unajua tangu mitambo ya analogi izimwe 2015 hizi TV ukiwasha bila king'amuzi unapata chenga tupu, ile nyeusi na nyeupe inachemka na kelele ya shhhhh. Kulikuwa na kijana wa boda anangoja simu yake ichajiwe, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye nimegundua hana TV hapo wala radio, yeye huja kukaa tu. Kijana wa boda akauliza, fundi, kama steshoni zilizimwa, hizo chenga zinatoka wapi sasa? Swali la maana kabisa, mimi miaka yote sijawahi jiuliza.

Fundi hata hakuinua kichwa. Akasema nyingi zinatoka ndani ya TV yenyewe, joto la vipuri vyake, zingine ni stima na mainjini na radi, lakini kidogo hapo ndani, kama sehemu moja kwa mia, inatoka mwanzo wa ulimwengu.

Kimya. Halafu mwalimu akacheka, "Mwanzo ya Biblia ama mwanzo gani?" Na kijana wa boda akasema yeye haamini mambo ya mwanzo, ulimwengu ulikuwepo tu, kama ziwa, nani alishawahi ona siku ziwa lilianza?

Basi vita ikaanza. Na mimi nimesahau nilikuja kuuliza ai-si.

Jinsi fundi alielezea hizo chenga ndiyo kitu imenifanya niandike hii rivyu, kwa sababu aliieleza kama stori ya mafundi. Anasema 1964 huko New Jersey, Marekani, kulikuwa na jamaa wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, wako na antena kubwa yenye umbo la pembe la kupuliza. Wanataka kupima mawimbi ya redio kutoka angani lakini kuna kelele ndogo haiishi. Wanaelekeza antena huku, iko. Kule, iko. Mchana, usiku, masika, kiangazi, iko, na kiasi ni kile kile. Wakafanya yale fundi yeyote hufanya, wakashuku mashine yao wenyewe. Wakafungua viungo, wakaziba, wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani ya antena, wakawatoa na wakapangusa mavi yote ya njiwa. Kelele ikabaki.

Hapo fundi aliweka chini kila kitu. Akasema, mwalimu, wewe hujui uchungu wa kelele imekataa kutoka na umeshabadilisha kila kipuri. Kumbe hapo karibu, Princeton, wanasayansi wengine walikuwa wanaunda antena yao wakitafuta hiyo hiyo kelele, kwa sababu hesabu zao zilisema kama ulimwengu ulianza ukiwa moto sana lazima joto kidogo liwe limebaki kila mahali, kama jiko la makaa lililozimwa jana. Penzias na Wilson walilipata bila kulitafuta, na 1978 wakapewa tuzo ya Nobel. Joto lenyewe ni digrii 2.7 hivi juu ya baridi ya mwisho kabisa, yaani kama 270 chini ya sufuri. "Hiyo ndiyo iko ndani ya chenga," akasema, akageuza TV kidogo ili tuone vizuri, kama muuza samaki anaonyesha ngege.

Kijana wa boda hakushtuka. Akasema hiyo inaonyesha tu kulikuwa na moto, haionyeshi kulikuwa na mwanzo. Na niseme ukweli nilimheshimu hapo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakubali yote.

Mara ya pili nilipoenda (TV haijaguswa, iko pale pale, hata ile nailoni niliifungia iko), fundi alimwomba kijana wa boda ule mpira wake wa kufungia mzigo. Akauwekea nukta nne za kalamu nyeupe, akanipa ncha moja, mwalimu ncha ingine, akasema vuteni. Nukta zikaachana zote. Akasema sasa jifanye wewe uko hii nukta, unaona nini? Unaona wenzako wote wanakukimbia, na wa mbali anakimbia kuliko wa karibu. Nenda kwa nukta ingine, unaona vile vile. Hakuna aliye katikati. Ndivyo Edwin Hubble aliona 1929 akipima galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, na miaka miwili kabla yake, 1927, padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa ameshafikia hapo kwa hesabu. Basi ukiachilia mpira urudi nyuma, nukta zinakaribiana. Ukirudisha nyuma kabisa, kila kitu kimebanana na kinachoma. Miaka bilioni 13.8 hivi ukihesabu.

Aliposema padri mwalimu akasimama. Padri! Akauliza mara mbili. Fundi akasema ndio padri wa Katoliki, na 1951 Papa Pius wa kumi na mbili akahutubia akionyesha hii sayansi inakubaliana na uumbaji, lakini Lemaître mwenyewe hakufurahia hiyo lugha, msimamo wake ulikuwa nadharia yake iko nje ya maswali ya dini, anayeamini aamini na asiyeamini abaki na lake. Mwalimu akaketi polepole. Akasema huyo padri alikuwa mtu wa adabu.

Kijana wa boda naye akapata mtu wake, na sikujua kama fundi alimpa kwa huruma ama kwa haki. Fred Hoyle, Mwingereza. Yeye na Bondi na Gold, 1948, walisema sawa, mpira unavutika, lakini katikati ya nafasi panapotokea uwazi vitu vipya vinazaliwa kidogo kidogo, kwa hivyo ulimwengu unafanana siku zote na hauna siku ya kuanza. Na ni huyo huyo Hoyle, akiongea kwa redio ya BBC 1949, ndiye aliita ile nadharia ingine, ya mwanzo wa moto, Mlipuko Mkubwa (Big Bang), jina ambalo limeshika mpaka leo kwa watu walioshindana naye. "Sasa huyo ndiye anaongea!" kijana akasema, akaenda kuchukua kastoma wa Kondele akiwa na raha. Aliporudi dakika kumi baadaye fundi akamwambia pole, hizo chenga ndizo zilimmaliza Hoyle. Kama ulimwengu ulikuwa vile vile siku zote, hakuna siku ulimwengu wote ulikuwa tanuri, na joto la kila upande lenye kiasi kimoja halina kwa kutoka. Hoyle mwenyewe aliaga 2001 na hakuwahi kubali. Ni kama wazee wengine wa huku tunaowajua na siasa zao.

Mara ya tatu sikupata TV wala maelezo, nilipata stima imepotea. Soko lote giza, saa moja na nusu, watu wanafunga na tochi za simu. Tukatoka nje. Nyota zilikuwa zimejaa, kitu ambayo Kisumu mjini huoni hivi hivi. Fundi akauliza kwa nini usiku ni giza. Mwalimu akasema jua limezama, kwani unatufanya watoto? Fundi akasema, umeshaingia msitu wa Kakamega? Ndani kabisa, ukiangalia upande wowote macho yako yanagonga shina la mti. Sasa kama nyota zimetawanyika bila mwisho, na zimekuwepo milele, na hazibadiliki, kila upande unaoangalia macho yako yangegonga nyota, na usiku ungewaka wote kama mchana. Hakuna giza. Hili giza hapa linasema kuna kitu si cha milele, mwanga wa mbali zaidi haujapata muda wa kutufikia.

Sina mengi ya kusema hapo. Nimeishi miaka yangu yote na giza la stima kupotea na sikujua linaongea. Nilirudi nyumbani bila TV na sikukasirika, na hiyo si kawaida yangu, waulizeni watu wa kwetu.

Sasa sehemu ambayo ninampa huyu fundi nyota zake. Mtu mwingine angefika hapo amalizie, ulimwengu ulianza, kwisha, lipa uende. Mwalimu alitaka hivyo, alikuwa ameshatabasamu. Fundi akasema hapana, ngoja. Akasema ukiwa kwa matatu alfajiri unapanda mlima wa Timboroa kuna ule ukungu, unaona mwanga wa taa umetawanyika mbele yako lakini lori lenyewe hulioni. Ulimwengu mchanga ulikuwa hivyo, ukungu wa moto, mwanga hauwezi kupita. Ulipofika umri wa miaka kama 380,000 ukapoa ukafika digrii 3,000 hivi, ukungu ukatoka, mwanga ukaachiliwa. Huo mwanga ndio tunaushika kwa chenga, mpira umeuvuta mara 1,100 hivi mpaka umekuwa mawimbi ya redio. Kwa hivyo tunachoona ni mlango wa ukungu. Sio mwanzo.

Ndani ya ukungu wameingia na hesabu, na hesabu ziko vizuri, zinaweza kukuambia hata kiasi cha haidrojeni na heliamu iliyopikwa dakika za kwanza kwanza, na ukienda kupima angani inalingana. Lakini ukirudi mpaka nukta yenyewe ya sufuri, fomula za Einstein zinatoa jibu lisilo na mwisho. Akachukua kalkuleta ya duka, ile ya vifungo vikubwa, akagawa moja kwa sufuri, ikaandika herufi E. "Mnaona? Hii haijasema hakuna kitu hapo. Imesema mimi nimefika mwisho wangu."

Mwalimu akauliza, sasa kabla ya hapo kulikuwa na nini? Fundi akasema wengine, kama Stephen Hawking, walisema hilo swali ni kama kuuliza kusini mwa ncha ya kusini kuna nini, yaani hakuna "kabla". Wengine kama Roger Penrose wanasema kulikuwa na ulimwengu mwingine kabla ya huu, na huu ukizeeka utazaa mwingine. Wote wako na hesabu, hakuna aliye na chenga, yaani ushahidi wa kupimika. "Kwamba hii kitu iliwahi kuwa moto na imebanana, hiyo nimepima, yaani wamepima," akajirekebisha akicheka. "Kwamba hapo ndipo kila kitu kilianza, hapo sijui. Na yule anayekuambia anajua, muulize amefungua skrubu ngapi."

Si mnaona? Ni ile ile aliniambia siku ya kwanza juu ya ai-si. Kijana wa boda akapiga paja, "Kwa hivyo mimi bado niko ndani!" Mwalimu naye akasema hata yeye yuko ndani. Wakasalimiana. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa bado sina TV.

Mara ya nne ilikuwa tayari. Ilikuwa ai-si kweli, na kapasita mbili zilizovimba, alinionyesha zile za zamani kwenye kiganja, hicho kitu napenda sana, fundi akurudishie vilivyokufa. Akawasha. Laini nyeupe ikatokea katikati kama kawaida, moyo ukanishuka, halafu hiyo laini ikafunguka juu na chini mpaka ikajaza kioo chote. Mwalimu akasema kwa sauti ya kanisani, "Iwe nuru!" Tukacheka kila mtu isipokuwa fundi, yeye akasema mwalimu huo mfano ni mbaya, picha inafungukia ndani ya kioo, ulimwengu hauna kioo cha kufungukia ndani, ni mpira wenyewe ndio unavutika. Wee, huyu mtu hawezi kukuachia kitu.

Bei: alinilipisha 1,300 na vipuri ndani, M-Pesa anachukua, warantii ni mwezi mmoja ya mdomo. Yule wa kwanza alitaka mia tano ya kuangalia na macho. Usiende Jumapili, siku hiyo soko la Kibuye hakupitiki na yeye hufunga mapema aende kwa mechi. Enda asubuhi kabla mwalimu hajafika kama unataka TV, enda jioni kama unataka yale mengine. Chai hakuna karibu, beba yako. Na usimwachie kitu unahitaji wiki hiyo, akisema kesho wewe hesabu ishirini.

TV nilipeleka Ahero, mama akaishika kwenye kisogo kama mtoto ametoka hosi. Kabla niunganishe king'amuzi nikaiwasha hivyo hivyo, chenga zikajaa, nikamwambia yote, ukungu, njiwa, padri, miaka bilioni 13.8. Alisikiliza akichambua mchele. Halafu akaniuliza, kwa hivyo mzee wenu miaka yote ile, akipanda juu ya mabati kwa mvua kuzungusha antena, mimi niko ndani napiga kelele "bado, bado, hapo hapo, umepitisha", alikuwa anafukuza hiyo?

Nikamwambia sehemu moja kwa mia, ndio.

Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Kitu cha mwisho, remoti nilisahau kwa fundi. Nimempigia mara mbili. Amesema kesho saa sita.